Reli ya Sumaku na Vyombo Vidogo vya Nyumbani

Kila chombo kidogo kilichomo nyumbani, kiwe taa ya kusomea, saa, redio, simu ya mkononi au mashine ya kunyolea ndevu, kina haki mbili juu ya mwenye nyumba: haki ya kupata mahali pa kukaa, na haki ya kupata nguvu za kufanyia kazi yake. Haki ya kwanza wazee wetu wa pwani waliitimiza kwa ustadi usio haba; na aliyewahi kuingia katika nyumba kongwe za Lamu au za Mji Mkongwe wa Unguja ameona mwenyewe jinsi mafundi wa chokaa walivyotia zidaka katika kuta nene za mawe ya matumbawe, safu juu ya safu, ili vyombo vya kaure na vitabu vya wenye nyumba vipate makazi pasipo kupunguza nafasi ya sakafuni. Haki ya pili haikuwa na uzito wakati huo, kwani taa ililishwa mafuta kwa mkono na haikuwako redio ya kulishwa. Umeme ulipoingia majumbani, haki hizi mbili zilitengana: mahali pa chombo pakawa huku, tundu la umeme likawa kule, na baina yake ukatandazwa waya. Matokeo yake twayajua sote, kwani hapana chumba cha mjini leo kisichokuwa na kebo ya kurefushia iliyolala chini ya zulia, imejaa chaja tano au sita, kila moja inamngojea bwana wake.

Sura hii ni kwa mintarafu ya chombo kilichobuniwa ili kuzikutanisha tena haki hizo mbili mahali pamoja, nacho ni reli ya sumaku. Reli yenyewe haina fahari ya kutazamwa. Ni mfereji mwembamba wa alumini uliofungwa ukutani au darini kwa parafujo. Ndani ya mfereji umelazwa utepe wa feleji, na kandokando ya utepe huo, katika vijia viwili vilivyokingwa kwa plastiki, zimepita nyaya mbili za shaba nyekundu zilizoachwa wazi upande mmoja. Chombo nacho, aghlabu taa, hutiwa sumaku mgongoni pamoja na pini mbili fupi zenye kamani ndogo ndani yake. Ukikisogeza chombo karibu na reli, sumaku hukivuta kikakaa sawasawa, kamani huzisukuma pini mpaka ziguse shaba, na taa ikawaka papo hapo. Ukitaka kukihamisha, huhitaji bisibisi wala ngazi ya fundi, bali wakivuta kwa mkono na kukibandika dhiraa mbili mbele. Reli za namna hii zimeenea katika maduka ya nguo, mahoteli na majumba ya makumbusho ya Ulaya na Asia, ambako bidhaa na picha hubadilishwa mahali kila msimu, na aghlabu hubeba umeme wa volti 24 au 48.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini wazo lililo jepesi hivi limechelewa kuja, ilhali sumaku si kitu kigeni. Manahodha wa Bahari ya Hindi waliijua kwa sindano ya dira karne nyingi kabla ya reli hizi, na Ahmad bin Majid, mjuzi wa bahari wa karne ya 15, aliandika kwa mapana juu ya dira na nyota na njia za baharini. Na huko Uingereza, katika mwaka wa 1600, tabibu William Gilbert alitoa kitabu chake mashuhuri alichobainisha ndani yake ya kuwa dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Walakini sumaku waliyoijua hao ilikuwa dhaifu: yatosha kugeuza sindano, haitoshi kubeba taa. Nguvu zake zilianza kuongezeka katika karne ya 20, tena kwa bidii ya Wajapani zaidi kuliko wengine. Kotaro Honda alitengeneza feleji ya sumaku iliyo kali kuliko zote za zama zake mnamo 1917; Tokushichi Mishima akampita mnamo 1931 kwa kuchanganya chuma, nikeli na alumini; kisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaja sumaku nyeusi za ferati, zilizo rahisi mno kwa bei, ambazo hata leo zimo katika spika nyingi za redio. Mlango wa reli zetu ulifunguka hasa baina ya 1982 na 1984, pale Masato Sagawa huko Japani na John Croat huko Marekani, kila mmoja kwa njia yake na bila kushirikiana, walipopata sumaku ya neodimi, chuma na boroni. Sumaku hiyo, kwa ujazo ule ule, huweka takriban mara kumi ya nguvu iwekwayo na ferati. Kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba huweza kubeba taa nzima.

Neodimi ni mojawapo ya madini yaitwayo madini adimu, na kwa miaka mingi sehemu kubwa yake imechimbwa na kusafishwa China. Lakini msomaji wetu na ajue ya kuwa madini hayo yamo pia katika ardhi yetu: yamo Ngualla katika mkoa wa Songwe, Tanzania, yamo katika kilima cha Mrima, Kwale, nchini Kenya, na huko Gakara, Burundi, yalikwisha kuchimbwa na kusafirishwa. Nalitaja hili kwa sababu aghlabu twasimuliwa habari za vyombo hivi kana kwamba havituhusu ila tuvinunuapo.

Sasa tuingie katika jambo ambalo wanunuzi wengi hulikosea, nalo ni kipimo cha kushika. Sumaku ikiandikwa kwamba yabeba kilo 5, maana yake ni kwamba imejaribiwa kwa kuvutwa moja kwa moja kutoka kwenye bamba nene la chuma kilichosuguliwa kikang'aa. Ukiibandika ukutani na kuning'iniza kitu, uzito hauvuti kwa kwenda mbele, bali hushuka chini sambamba na ukuta, na kinachozuia kitu kisiteleze ni msuguano tu. Na msuguano wa nikeli juu ya feleji ni hafifu, takriban sehemu moja katika tano ya nguvu ya mvuto. Basi sumaku ile ya kilo 5 itaanza kuteleza ikibebeshwa kilo moja. Zaidi ya hayo, nguvu ya sumaku hupungua upesi mno kwa kila unywele wa nafasi: rangi nene juu ya chuma, au utepe wa plastiki wa milimita moja, huweza kuondoa nusu ya nguvu hiyo au zaidi. Fundi mwenye akili haitegemei sumaku kuubeba uzito. Huipa reli ukingo mdogo upande wa chini, chombo kikaketi juu yake, na sumaku ikaachiwa kazi moja tu ya kukizuia kisianguke mbele. Mabao ya sumaku ya kuwekea visu jikoni, ambayo hayana ukingo, hufaulu kwa kuwa kisu ni chepesi na ubavu wake mpana hugusa sumaku nyingi kwa pamoja; anayedhani kuwa bao hilo hilo laweza kushika chupa ya asali yenye kifuniko cha bati atapoteza asali yake.

Kulisha kuna elimu yake pia, nayo yaanzia katika mzozo wa kale. Mnamo 1882 Thomas Edison aliwasha mitambo yake ya Pearl Street mjini New York, akawagawia wateja umeme wa volti 110 wa mkondo mnyoofu, yaani umeme uendao upande mmoja daima. Akashindwa baadaye na wapinzani wake wa mkondo geu, si kwa sababu umeme wake ulikuwa mbaya, bali kwa sababu haukuweza kusafirishwa mbali zaidi ya takriban maili moja bila kupotelea njiani, ilhali mkondo geu huweza kupandishwa volti kwa transfoma, ukavuka nchi nzima, kisha ukateremshwa mlangoni. Ndio maana soketi zetu zina volti 230 au 240 za mkondo geu. Lakini tazama kilichotokea ndani ya nyumba tangu wakati huo. Taa za LED zataka mkondo mnyoofu. Simu yataka mkondo mnyoofu. Redio, saa, kamera ya mlangoni na kisanduku cha intaneti vyote vyataka mkondo mnyoofu, tena wa volti chache. Kila chaja iliyochomekwa ukutani ni mkalimani anayegeuza lugha ya mkondo geu kuwa lugha ya chombo chake, na katika nyumba moja wakalimani hawa hufika kumi na zaidi, wote wakifasiri maneno yale yale. Reli ya sumaku yawaondoa wote na kuweka mmoja mkubwa, aliye bora, nyuma ya ukuta.

Na ndani ya chumba dosari ile ya Edison haina uzito, kwa kuwa umbali ni wa mita chache. Tufanye hesabu. Chukua reli ya mita 4 yenye nyaya za shaba za milimita mraba 1.5, umeme ukienda na kurudi husafiri mita 8, na upinzani wa njia hiyo ni takriban omu 0.09. Ukiiwekea reli mzigo wa wati 100 mwishoni mwake kwa volti 12, utapita mkondo wa ampea 8.3, na wati 6 na ushei zitapotea kwa kupasha nyaya joto. Mzigo ule ule kwa volti 48 huhitaji ampea 2.1 tu, na hasara ni chini ya nusu wati, yaani sehemu moja katika kumi na sita. Hii ndiyo sababu watengenezaji wengi wamechagua 48: ni juu ya kutosha kwa kupunguza hasara, na chini ya kutosha kwa usalama wa mkono uigusao, kwani taratibu za kimataifa huhesabu kuwa volti ndogo mno kila umeme wa mkondo mnyoofu usiozidi volti 120. Kwa mizigo midogo, volti 12 zatosha kabisa: wati 20 kwenye reli hiyo hiyo hazipotezi hata thuluthi ya wati.

Mpaka hapa mambo yote ni mema, lakini mimi siwezi kuwasifia wasomaji kitu bila kuwaonyesha madhara yake, na reli hii inayo. La kwanza limo katika asili yake yenyewe. Nyaya mbili za shaba zimeachwa wazi, nazo zimewekwa jirani na sumaku, na sumaku hupenda kuvuta vile vitu hasa viwezavyo kuziunganisha nyaya hizo na kuleta shoti: pini ya nguo, ufunguo wa chuma, kipande cha waya alichokiangusha fundi. Mafundi wabaya hutia sumaku katika reli yenyewe, ikawa mtego wa kila takataka ya chuma ipitayo. Mafundi wazuri hutia feleji tu katika reli na sumaku zote katika vyombo, hata reli iliyo tupu haivuti chochote. Kisha hao wazuri huzishusha nyaya ndani ya vijia vyembamba visivyoingia ufunguo, na katika kisanduku cha kulisha hutia ulinzi wa kielektroniki ukatao umeme mara mkondo uzidipo kiasi, upesi kuliko fyuzi ya kawaida. Wako pia wanaokwenda mbali zaidi, wakaifanya reli isitoe umeme kamili mpaka chombo kiwe kimekwisha kujitambulisha kwa ishara ndogo. Kwa reli itakayofungwa mahali pa kufikiwa na watoto, mimi naona ulinzi huo wa mwisho ni sharti.

La pili ni mgeuko. Sumaku haijui kulia na kushoto kwa namna ajuavyo mwenye plagi ya pini tatu, na mtu aweza kukibandika chombo kinyume, chanya mahali pa hasi. Dawa moja ni kutia diodi nne ndani ya chombo, ziunyooshe umeme kwa vyovyote uingiavyo. Lakini diodi hizo hula volti 1.4 hivi njiani, hasara isiyoonekana katika volti 48 ila kubwa mno katika volti 5. Dawa ya pili, iliyo nzuri zaidi kwa fikira zangu, ni kupanga pini kwa ulinganifu, kulia sawa na kushoto, hata chombo kikigeuzwa kikute mpango ule ule.

La tatu latuhusu sisi wa pwani kuliko wengine. Sumaku ya neodimi ina chuma ndani yake na hushikwa na kutu upesi; hupakwa nikeli na shaba ili isalimike, na mpako huo ukichubuka, hewa ya chumvi huingia na sumaku ikabomoka ikawa unga. Shaba iliyo wazi nayo hufanya ukungu wa kijani. Basi katika nyumba iliyo karibu na bahari, pini na zipakwe dhahabu, sumaku na zizibwe ndani ya plastiki, na parafujo za kufungia reli ziwe za feleji isiyoshika kutu, zenye urefu wa kupita lipu ya chokaa na kufika kwenye jiwe. Wala reli isifungwe juu ya jiko, kwani neodimi ya kawaida huanza kupoteza nguvu ikizidi nyuzi 80 za sentigredi, na nguvu iliyopotea hairudi kwa kupoa.

Nimesema mengi juu ya kushika. Niseme sasa juu ya kuachia, ambako kwa maoni yangu ndiko kuliko na ubora mkuu wa sumaku, ingawa wauzaji hawautangazi. Japani, mabirika ya umeme na vyombo vya kukaangia vilianza kupewa waya unaoshika kwa sumaku badala ya kuchomekwa, kwa sababu ya wazi: mtoto akipita mbio akajikwaa kwenye waya, plagi ya kawaida hung'ang'ania, na maji yachemkayo au mafuta ya moto huja juu ya mwili wake; waya wa sumaku huachia, na birika likabaki mezani. Kampuni ya Apple iliichukua hekima hiyo ikaitia katika kompyuta zake za mapajani mnamo Januari 2006, kwa jina la MagSafe, ikiwa na pini tano zilizopangwa kwa ulinganifu nilioutaja, ikaiacha kwa miaka kadhaa, kisha ikairejesha mnamo 2021. Parafujo na plagi havijui kuachia. Sumaku hushika kwa kiasi alichokusudia fundi, na nguvu ikizidi kiasi hicho huachia bila kuvunja kitu. Lakini kuachia umeme wa mkondo mnyoofu kuna adabu yake: mkondo geu wa soketi zetu hufika sifuri mara 100 kila sekunde, na cheche izukayo hupata nafasi ya kuzimika, ilhali mkondo mnyoofu hauna sifuri, na cheche yake huweza kung'ang'ania na kuila pini. Basi hufanywa pini moja fupi kuliko nyingine, ili itengane kwanza na kutoa ishara, na umeme ukatwe kabla pini kubwa hazijaachana na shaba.

Pamoja na haya yapo maonyo mawili ambayo sitaki yapotee katikati ya maneno mengine. Sumaku ndogo za neodimi zikibanduka kutoka chombo kibovu na mtoto akameza mbili, huvutana kupitia kuta za matumbo na kuyatoboa. Mtoto wa namna hiyo hapelekwi kulala, hupelekwa hospitali saa ile ile. Na mtu aliyepandikizwa kifuani kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo na akae mbali na sumaku hizo, si chini ya sentimita 15.

Nani basi atafaidika na reli hii katika nchi zetu? Wengi watasema ni wenye majumba mapya ya Oysterbay na Nyali, wanaotaka taa za darini kama za mahoteli. Mimi nafikiri zaidi juu ya nyumba ambazo nguzo za umeme hazijafika, na ambazo kwa miaka kumi na zaidi sasa zimewekewa bamba la sola, betri na taa tatu au nne. Nyumba hizo tayari zaishi kwa mkondo mnyoofu, nyingi kwa volti 12, na hazihitaji mkalimani hata mmoja. Waya wa taa huko hutundikwa kwa misumari na hukaa pale alipouacha fundi, ilhali mama ataka mwanga jikoni saa moja na watoto wautaka mezani saa mbili. Reli ya mita 4 yenye ukingo, ulinzi wa shoti na taa tatu za kubandika ingewaruhusu kuuhamisha mwanga pamoja na kazi, na simu ingechajiwa ikiwa imeketi mahali pake, si kuning'inia kwa waya wake.

Kizuizi si elimu, wala bei ya sumaku. Kizuizi ni kwamba hakuna mapatano. Balbu ya B22 iliyonunuliwa Mombasa huingia katika kishikio kilichotengenezwa nchi nyingine kwa kuwa upana wa milimita 22 ulikwisha kuafikiwa. Plagi ya ampea 13 ilipangiwa kanuni zake Uingereza mnamo 1947 na hata leo yaingia katika soketi zetu. Na Umoja wa Ulaya umewalazimisha watengenezaji wa simu kutumia tundu moja la USB-C tangu mwisho wa 2024. Lakini taa ya reli ya sumaku ya kampuni hii aghlabu haikai katika reli ya kampuni ile: umbali baina ya nyaya ni mbalimbali, volti ni mbalimbali, na anayenunua amefungwa kwa aliyemwuzia. Kampuni ikifa, reli yake huwa mapambo. Mashirika ya viwango ya Kenya, Tanzania na Uganda, ambayo yamezoea kungoja kanuni zitungwe kwingine, yangeweza katika jambo hili kutangulia, kwani yanayotakiwa kuafikiwa ni machache mno: volti 12 kwa nyumba za sola na 48 kwa nyingine, na vyombo vya moja visikubali kuingia katika reli ya nyingine, umbali baina ya nyaya, kina cha vijia, upana wa ukingo, ulinganifu wa pini, na kiasi cha nguvu ambacho sumaku sharti iachie. Yakiafikiwa hayo, karakana yoyote yenye mashine ya kukunjia alumini yaweza kutengeneza reli, na mwenye duka la vifaa vya umeme Kariakoo akamkatia mteja kipande cha urefu autakao na kumwuzia kwa mita, kama amwuziavyo waya.